Mwenzako Anapotumia Vibaya Ruhusa ya Kufanya Kazi Nyumbani: Namna ya Kulishughulikia Jambo Hilo

Ofisi nyingi hapa Dodoma, hasa za miradi, kampuni za ushauri na mashirika yasiyo ya kiserikali, siku hizi humruhusu mtumishi kufanya kazi nyumbani siku moja au mbili kwa wiki, kuingia na kutoka kwa saa zinazotofautiana na za wenzake, au kuzimaliza saa za wiki nzima kwa siku chache zilizo ndefu. Ninauunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote. Umewafaa akina mama wenye watoto wachanga, umewafaa wanaouguza wazazi wao Mpwapwa na Kondoa, na umempunguzia nauli mtu anayeishi Nkuhungu ilhali ofisi yake iko Mtumba. Kwa sababu hiyohiyo inaniuma ninapoona unafuu huu ukigeuzwa kuwa kichaka cha kutegea, kwa kuwa kazi ya anayetegea haipotei bali humwangukia mwenzake aliyebaki ofisini, na siku uongozi utakapochoka, unafuu huo utaondolewa kwa wote, waliouheshimu na wasiouheshimu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo aliyebaki ofisini. Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: usihesabu saa za mwenzako, bali hesabu kazi iliyokujia wewe. Saa hubishaniwa bila kikomo, kwani kila mtu ana maelezo ya mahali alipokuwa. Lakini barua iliyokaa siku tatu bila kujibiwa, au mgeni aliyehudumiwa na mtu asiyehusika na shauri lake, ni jambo linalojieleza lenyewe.

Jiridhishe kwanza kwamba ni kutegea

Kabla ya kumfikiria mwenzako vibaya, kumbuka kwamba si kila anayeondoka mapema anaiba muda wa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama anayenyonyesha haki ya kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kwa hiyo dada anayeaga saa saba na nusu mchana huenda anatumia haki yake, na hapaswi kutazamwa kwa jicho la pembeni wala kuulizwa na mtu asiye mkuu wake. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri na mwajiriwa kukubaliana kwa maandishi kwamba mwajiriwa afanye kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwamo, bila kuhesabiwa saa za ziada, ilimradi siku za kazi katika wiki zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45. Mtu mwenye makubaliano ya namna hiyo anaweza kuikosa Ijumaa yote, na bado awe ametimiza wajibu wake kuliko wewe uliyekuwapo siku zote tano. Kuna pia wanaohudhuria kliniki kwa maradhi ya muda mrefu, na mkuu wa kazi hana ruhusa ya kukutangazia siri ya afya ya mtu ili kuutuliza moyo wako.

Tena kutoonekana kwa mtu si ushahidi wa kutofanya kazi. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliofanyika katika kampuni kubwa ya masuala ya safari nchini China na kuhusisha wafanyakazi zaidi ya 1,600. Waliopewa nafasi ya kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki hawakushuka katika tathmini za utendaji wala katika kupandishwa vyeo, na idadi ya walioacha kazi miongoni mwao ilipungua kwa theluthi moja. Nimeutaja utafiti huu kwa sababu wakuu wengi wa ofisi zetu huamini kwamba mtumishi asiyeonekana amelala, na ukienda kwao na lalamiko la kwamba fulani haonekani utawapa sababu ya kuufuta utaratibu wote, ikiwa ni pamoja na unafuu unaokusaidia wewe.

Hata hivyo kuna mienendo ambayo kila aliyefanya kazi katika mji huu anaijua. Watumishi wengi walihamia Dodoma huku familia zao zikibaki Dar es Salaam, na tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi hapa mwaka 2024, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku nzima imekuwa ya saa chache. Basi kuna mtu ambaye kila Alhamisi jioni yuko kituoni, na Ijumaa anaandika kwamba anafanyia kazi nyumbani. Kuna mwingine anayejenga Ihumwa au Nzuguni, ambaye siku zake za kazi za nyumbani hulingana ajabu na siku ambazo fundi anamwaga zege. Na mvua zinapoanza Desemba, kuna anayekwenda kusimamia shamba la alizeti Kongwa huku simu yake ikiita bila kupokelewa. Hakuna kosa katika kuwa Dar es Salaam, wala katika kujenga, wala katika kulima. Swali la kujiuliza ni lilelile kwa wote watatu: je, kazi yake ya siku hiyo ilifanyika, au ilimsubiri, au ilifanywa na mtu mwingine? Ikiwa ilifanyika, funga shauri hilo na usilifungue tena. Ikiwa ilisubiri au ulifanya wewe, na jambo hilo limejirudia kiasi cha kuwa desturi, hapo una haki ya kuendelea.

Andika kazi iliyokuangukia

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Kazi anayoibeba mtu aliyebaki ofisini huwa haionekani, kwa sababu haimo katika maelezo ya kazi ya mtu yeyote. Chukua mfano wa ofisi ambayo bado inaendesha mambo yake kwa majalada. Ofisa aliye nyumbani anahitaji kujua kilichoandikwa katika barua ya mwezi uliopita. Anakupigia simu. Unashuka masjala, unasaini daftari la kutolea majalada, unasubiri jalada litafutwe, unapanda nalo, unapiga picha kurasa nne na kuzituma kwa WhatsApp, unaambiwa ukurasa wa pili hausomeki, unaupiga tena, kisha unalirudisha jalada masjala kwa kuwa lilitoka kwa saini yako. Hiyo ni nusu saa. Yeye ataandika katika taarifa yake kwamba alijibu barua, na ataandika kweli; wewe hutakuwa na la kuandika.

Au chukua mgeni aliyetoka Chemba alfajiri kwa ajili ya kufuatilia malipo ya kikundi chao. Anayeshughulika na malipo hayo hayupo na simu yake haipokelewi. Huwezi kumwambia mzee wa watu arudi kesho, kwa hiyo unamkaribisha kiti, unatafuta kumbukumbu katika kompyuta, unampigia mhasibu, unamweleza mgeni hatua iliyofikiwa, naye anaondoka akiwa ameridhika. Ofisi imepata sifa, na ofisa mhusika hata hajui kwamba kulikuwa na mgeni.

Kwa hiyo nunua daftari dogo, au fungua jedwali katika kompyuta yako, na kwa muda wa majuma matatu au manne, yakiwamo ya mwisho wa mwezi ambapo kazi huzidi, andika kila kazi isiyo yako uliyoifanya: tarehe, kazi yenyewe, ilipaswa kufanywa na nani, ilikuchukua muda gani, na kazi yako ipi ilichelewa kwa sababu hiyo. Safu hiyo ya mwisho usiiache kamwe. Mkuu wa idara anaweza kukusifu kwa moyo wa kujitolea na kuishia hapo. Lakini akiona kwamba taarifa ya robo mwaka ilichelewa siku mbili kwa kuwa ulikuwa ukijibu barua za mtu mwingine, ataelewa kwamba jambo hili linagusa matokeo anayoulizwa yeye. Andika kwa lugha isiyo na hasira. «Jumanne: nilipokea wageni wawili wa kitengo cha malipo, dakika 50, uhakiki wa stakabadhi ukasogezwa hadi Jumatano» inatosha kabisa.

Usivuke hapo ukaanza upelelezi. Usimpige mwenzako picha akiwa sokoni Majengo, usimwulize jirani yake alitoka saa ngapi, wala usikusanye picha za hali zake za WhatsApp. Mbali na kwamba jambo hilo linavunja heshima ya ujirani kazini, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu anayekusanya taarifa za mwenzake kwa siri anaweza kujikuta yeye ndiye anayetakiwa kujieleza, huku kutegea kwenyewe kukisahauliwa.

Zungumza naye kabla ya kumfikisha kwa mkuu

Watu wengi huiruka hatua hii kwa woga wa kuonekana wachokozi, wakaenda moja kwa moja kwa bosi au, vibaya zaidi, wakatupa maneno ya mafumbo katika kundi la WhatsApp la ofisi. Mafumbo hayajawahi kumrekebisha mtu. Humfanya kila mmoja ajishuku, na mhusika ndiye wa mwisho kujua kwamba ni yeye. Mwendee ana kwa ana, mkiwa wawili tu, siku ambayo yupo ofisini na hamjagombana kwa lolote. Baada ya chakula cha mchana ni wakati mzuri, mkiwa mnarudi mnatembea, kuliko kumwita katika chumba cha mikutano kana kwamba ni shauri la nidhamu.

Tuseme ni kaka aliyekuzidi umri na cheo mko sawa. Unaweza kumwambia: «Kaka, shikamoo. Nina jambo dogo ningeomba tuliweke sawa sisi wenyewe. Ijumaa tatu zilizopita wageni wa kitengo chako wamekuja, nikakupigia sikukupata, ikabidi niwahudumie mimi, na uhakiki wangu ukachelewa. Sijui unapitia nini, na sikuulizi. Ninachoomba ni kwamba siku unapokuwa nyumbani, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana simu yako ipatikane, na Alhamisi kabla hujatoka uniachie maandishi ya nani anatarajiwa na aambiwe nini.» Maneno hayo yanataja kazi na tarehe, yanaacha mlango wazi endapo ana shida, na yanaomba jambo moja ambalo linaweza kutekelezwa Ijumaa ijayo. Hayamwiti mtegeaji. Neno hilo likishatoka mdomoni, mazungumzo yanakuwa juu ya heshima yake na hayarudi tena kwenye kazi.

Jiandae kwa majibu yatakayokuja. Akisema mtandao ulikuwa mbaya au umeme ulikatika, mkubalie kwamba hutokea, kisha muulize mfanye nini hali hiyo ikijirudia. Mtu wa kweli atapendekeza njia, kwa mfano kuja ofisini siku inayofuata badala yake. Akisema hata wewe alikufunika, yaani alikubebea kazi zako, ulipokuwa na msiba mwaka jana, mshukuru kwa dhati, kwa kuwa ni deni la kweli, kisha mkumbushe kwa upole kwamba lile lilikuwa la siku chache zilizojulikana na hili limekuwa la kila juma. Na akikujibu kwa ukali kwamba wewe si bosi wake, usibishane. Mwambie kwamba ni kweli si bosi wake, na kwamba kwa sababu hiyo hutaendelea kuzipokea kazi za kitengo chake bila bosi kujua. Halafu ondoka.

Acha kufunika, lakini usimwadhibu mteja

Hapo ndipo penye ugumu, hasa kwa watu waliolelewa kutomwacha mwenzao aaibike. Kila mara unapoifanya kazi ya mwingine kimya kimya unamhakikishia kwamba kutokuwapo kwake hakuna madhara. Jambo hili lina msingi katika tafiti za zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba na kuona kwamba kadiri wanavyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake huko Marekani walionyesha hali hiyohiyo kwa watu walioambiwa wapige makofi na kelele kwa pamoja, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba watu walipojua mchango wa kila mmoja unaweza kutambuliwa, ulegevu huo ulitoweka. Tiba, basi, ni kuhakikisha kila kazi ina jina la mtu mmoja na tarehe, mahali ambapo kila mtu anapaona.

Kwa vitendo ina maana hii. Kazi ikija kwa ajili ya mwenzako, ipeleke kwake kwa barua pepe siku hiyohiyo, nakala kwa anayestahili kwa utaratibu wa ofisi yenu, ukieleza imetoka kwa nani na inahitajika lini. Mgeni akija, mweleze kwa adabu kwamba ofisa anayehusika ni fulani, mpigie simu mgeni akiwapo, na asipopatikana andika ujumbe wa mgeni na namba yake, umtumie ofisa huyo, umwahidi mgeni kwamba atapigiwa. Mtu aliyetoka mbali kwa nauli yake usimrudishe mikono mitupu ili kumkomoa mwenzako. Mpe msaada wa lazima, kisha uuandike katika daftari lako. Nawasisitizia hili kwa sababu nimeona ofisi ambamo ugomvi wa maofisa wawili ulimalizikia kwa wananchi kuzungushwa miezi, na hakuna haki inayopatikana kwa njia hiyo.

Kumpelekea mkuu jambo lenyewe

Ikiwa majuma mawili yamepita baada ya mazungumzo na hakuna kilichobadilika, omba nafasi kwa mkuu wako na uende na karatasi moja tu. Anza na kazi zako zilizochelewa, fuata na kazi zisizo zako ulizozifanya, malizia na pendekezo. Jina la mwenzako litajitokeza lenyewe katika orodha. Huna haja ya kuliweka kwenye kichwa cha habari. Mwambie pia kwamba ulishazungumza naye, kwani mkuu mwenye busara hilo ndilo atakalouliza kwanza.

Pendekezo lako lilenge utaratibu, lisimlenge mtu. Ofisi nyingi zilitoa ruhusa ya kufanya kazi nyumbani kwa mdomo na hazikuandika masharti, na utegeaji mwingi hukua katika pengo hilo. Omba yaandikwe mambo machache: saa ambazo kila aliye nyumbani lazima apatikane kwa simu, makabidhiano ya maandishi kabla ya saa tisa na nusu alasiri ya siku inayotangulia, ratiba ya zamu ili Ijumaa na siku za mwisho wa mwezi zisimwangukie mtu yuleyule, na orodha ya kazi za juma ikiwa na jina mbele ya kila kazi. Katika utumishi wa umma jambo hili limerahisishwa kwa kiasi fulani na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, kwa kuwa majukumu ya kila mtumishi huingizwa humo na utekelezaji wake hufuatiliwa. Kwa hiyo kazi ya ziada unayopewa iombe iingizwe rasmi katika majukumu yako, la sivyo tathmini yako itapimwa kwa kazi ulizozichelewesha bila kutaja ulizozibeba.

Zingatia na haki yako mwenyewe. Ikiwa kuwafunika wengine kunakupitisha saa 45 za kawaida kwa wiki, au saa 9 kwa siku pasipo makubaliano ya maandishi ya siku ndefu, zile zinazozidi ni saa za ziada. Sheria inataka zifanyike kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa majuma manne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mkuu anayeona hasara ya kumlipa mmoja saa za ziada ili afanye kazi ya mwingine anayelipwa mshahara kamili atalitazama jambo kwa makini zaidi kuliko anayesikia malalamiko matupu.

Huenda mkuu mwenyewe ndiye anayetegea, au ni rafiki wa anayetegea. Hapo nenda kwa ofisa utumishi ukiwa na karatasi ileile, bila kuongeza neno lolote la uvumi, na kama wewe ni mwanachama wa TUGHE, TUICO au chama kingine cha wafanyakazi, mshirikishe kiongozi wa tawi kabla hujaandika barua rasmi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni ya migogoro kati ya mwajiri na mwajiriwa, kwa mfano malipo ya saa za ziada yanayokataliwa. Haipokei shauri la kwamba jirani yako wa meza hafiki kazini, na ni vyema ukalijua hilo mapema ili usipoteze muda.

Masharti yakishaandikwa, omba yapitiwe upya baada ya miezi mitatu, na hapohapo omba jambo moja zaidi ambalo wengi husahau kuliomba: siku za kufanya kazi nyumbani zigawiwe kwa zamu kwa wanaostahili, ukiwamo wewe, na wale ambao kazi zao haziwezi kutoka ofisini, kama wahudumu wa masjala, wapokezi na madereva, wapewe unafuu wa namna nyingine, iwe ni kuchelewa kuingia siku moja kwa juma au kutoka mapema. Ratiba ya kwanza ibandikwe ukutani kabla ya Jumatatu, ikiwa na jina la mkuu wa idara katika moja ya zamu za Ijumaa.